Spana Ibaki Mkononi Mwake

Jumamosi moja mwezi uliopita, mimi mhandisi wa maji, nilisimama nje ya maabara ya sekondari moja ya kata, huku kwetu Same, mkoani Kilimanjaro, mikono nimeifunga nyuma ya mgongo. Niliifunga makusudi. Mbele yangu wasichana wanne wa kidato cha pili walikuwa wamechuchumaa juu ya turubai wakiunganisha bomba la chuma la robo tatu ya inchi: vipande viwili, elbo moja (kiungo cha kona), soketi na koki ya mwishoni. Mmoja ameshikilia bomba kwa spana, mwenzake anakaza elbo kwa spana ya pili. Elbo ilikuwa imeingia mshazari. Nilikuwa naiona kabisa, na mkono wangu ulitamani kwenda kuichukua ile spana.

Mwalimu wao wa fizikia, kijana mwema anayewapenda wanafunzi wake, hakuweza kuvumilia. Akainama, akanyoosha mkono: "Lete nikusaidie." Binti akaiachia spana papo hapo bila neno, akafuta mikono kwenye sketi, akarudi nyuma hatua moja.

Hatua ile moja ndiyo inayonifanya niandike leo.

Kwetu kumpokea mtu mzigo ni adabu. Mgeni akiingia na kapu, mtoto anakimbia kulipokea. Mama akitoka kisimani na ndoo, jirani anamtua. Tumelelewa hivyo na ni vizuri tulelewe hivyo. Lakini spana si mzigo. Bisibisi si mzigo, wala waya wa umeme, wala nyundo, wala kompyuta iliyofunguliwa mgongo. Tunapompokea msichana vitu hivi tunadhani tumemtendea wema, kumbe tumemnyang'anya somo lenyewe. Tunafanya hivyo tangu ana miaka mitano hadi siku anapokuja saiti na cheti cha chuo kikuu mkononi, halafu tunaitisha makongamano kuuliza kwa nini wasichana hawapendi uhandisi.

Makongamano hayo siyadharau. Nimealikwa kwenye hafla za tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, nimekwenda, na nitaendelea kwenda, kwa sababu binti wa kijijini akisikia mwanamke anaitwa injinia mbele za watu, kuna kitu kinamfunguka. Wizara ya Maji imewahi kuwa na Naibu Waziri mhandisi mwanamke, Maryprisca Mahundi, na Katibu Mkuu mhandisi mwanamke, Mwajuma Waziri. Zanzibar, Katibu Mkuu Kiongozi wa kwanza mwanamke, Zena Ahmed Said, ni mhandisi. Majina haya nayataja kila ninapokwenda shuleni. Ila najua pia kwamba risala ikiisha na mgeni rasmi akipanda gari, msichana anarudi kwenye meza ile ile ya maabara, na huko kuna mkono unamsubiri kumpokea spana.

Mimi sikupokewa bisibisi, na aliyeniachia alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona kwenye baraza ya duka sokoni, kwa Singer nyeusi ya miguu ambayo maandishi yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika upande anapoegesha mkono. Mashine ile ilikuwa inaleta ukorofi karibu na sikukuu, ndipo kazi zinapojaa, na fundi wa kutengeneza vyerehani alipatikana mjini tu. Kwa hiyo Mama alijifunza mwenyewe. Alijua sindano ikipinda hata kidogo mashine inaruka mishono. Alijua mshipi wa ngozi ukilegea gurudumu linazunguka bure, basi anaukata ncha na kuufunga upya kwa kipande cha waya. Na kwenye ile nyumba ndogo ya chuma inayobeba bobini kuna skrubu, ndogo kama punje ya mtama, inayobana uzi wa chini. Ukiikaza mno uzi unakatika. Ukiilegeza mno mshono unakuwa hauna nguvu, nguo inamfumukia mtu kanisani.

Nilikuwa na miaka minane aliponipa bisibisi kuigusa skrubu ile. Alinikalisha kwenye kigoda chake, yeye akasimama pembeni. "Zungusha robo. Robo tu. Halafu shona kwenye kitambaa kibovu tuone." Nikazungusha, nikashona, nikaona mshono umelegea. "Haya, robo nyingine." Wateja walikuwa wamesimama wakisubiri nguo zao za Idi na za Krismasi, na mama yangu anamsubiri mtoto wa miaka minane azungushe robo.

Miaka kumi na tano baadaye, chuoni, nilifundishwa kwamba unabadilisha kitu kimoja kwa kiasi kidogo, unapima, ndipo unabadilisha tena. Nilikaa darasani nikijua kwamba hilo ninalo. Hakuna aliyewahi kumwita Mama fundi wa mitambo. Sokoni alikuwa "mama wa cherehani" mpaka alipostaafu. Vijijini mwetu wamejaa wanawake wanaorekebisha majiko, mashine, paa na mifereji kila siku ya Mungu, na hakuna anayeiita kazi hiyo kwa jina lake.

Hata mifereji. Sisi Wapare tuna ndiva, vibwawa vya udongo na mawe vinavyojaa maji usiku na kufunguliwa asubuhi ili yashuke mashambani. Ni uhandisi wa maji, wa vizazi na vizazi, wenye hesabu za zamu na mteremko zilizohifadhiwa vichwani mwa wazee. Nilipokuwa mdogo nilibeba udongo wa kuziba ndiva pamoja na wanawake wengine, lakini kila niliyemwona akifungua tundu la maji asubuhi alikuwa mwanamume. Sisi tulikuwa wa kubeba.

Sekondari nilikutana na jambo hilo hilo likiwa na sare ya shule. Jaribio la sheria ya Ohm: meza moja, wanafunzi saba, betri, waya, ameta moja na voltimita moja. Wavulana wakashika waya. Mimi nikaambiwa, "Wewe una mwandiko mzuri, andika." Na kweli nilikuwa na mwandiko mzuri. Nikaandika matokeo ya meza yetu kidato cha pili, nikaandika kidato cha tatu, nikasifiwa mbele ya darasa kwa jedwali zilizonyooka. Hakuna aliyenikataza kugusa kitu. Nilipewa tu kazi nyingine, ya heshima, inayoniweka mbali na waya.

Kisha ikaja mock ya kidato cha nne, kila mtu na meza yake. Ameta huunganishwa kwa mfululizo, voltimita kwa sambamba: sentensi hiyo nilikuwa nimeiandika mara nyingi kuliko mtu yeyote pale shuleni. Lakini waya zilipokuwa mikononi mwangu sikujua ncha ipi nianze nayo. Nilikaa dakika ishirini. Nililia pale pale, machozi yakadondokea kwenye karatasi ya maswali.

Mwalimu wetu wa fizikia hakunipa hotuba. Alinipa ufunguo wa maabara. Jumamosi sita mfululizo nilifungua mwenyewe, nikaunganisha, nikaharibu, nikaunganua, nikaunganisha tena. Nilichoma fyuzi mbili. Yeye alikaa nje kwenye benchi anasahihisha madaftari, na kila nilipomwita alinijibu kwa swali: "Mkondo unatoka wapi, unakwenda wapi?" Katika zile Jumamosi sita hakuingia hata mara moja. Nimekutana na maprofesa wengi baada yake na sijaona aliyefundisha vizuri zaidi ya hapo.

Nilipochaguliwa kwenda kusoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha tano na sita, shangazi yangu alinifuata jikoni. "Mwanangu, uhandisi utakupeleka porini na wanaume. Ualimu upo, uuguzi upo. Utapata kazi karibu na watu na utapata na nyumba yako." Nilimkasirikia wakati ule. Sasa simkasirikii. Shangazi alikuwa anaogopa jambo la kweli, na sisi tunaohamasisha tunakosea tunapolipita jambo hilo kimya.

Niliona kwa macho yangu, mwaka wa pili wa chuo, nilipokwenda mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni moja ya ujenzi. Nilipewa buti namba 43, navaa 38. Niliziba kwa matambara. Choo kilikuwa kimoja, hakina kitasa, kwa wanaume zaidi ya hamsini. Nikaacha kunywa maji tangu asubuhi hadi jioni, kwenye jua la Mei, mpaka nikaugua. Aliyeniokoa ni mama ntilie aliyekuwa akitupikia. Aliniona siku ya tatu, akaniita pembeni: "Binti, kwangu ni pale kwenye ule mwembe. Choo kina mlango. Uwe unakuja tu, usiombe." Kwenye vikao vya saiti nilikuwa peke yangu mwanamke, na kazi yangu ilikuwa? Kuandika mihtasari. Mwandiko ule ule.

Halafu msimamizi aliyetakiwa kutia sahihi kitabu changu cha mafunzo akaanza kuuliza chumba changu kiko wapi. Nililala na meza nimeisukumiza mlangoni kwa wiki mbili kabla ya kupata ujasiri wa kumwambia mhadhiri aliyekuja kutukagua, naye akanihamisha siku hiyo hiyo. Binti unayesoma hapa, ulijue hili kabla hujaondoka chuoni: rushwa ya ngono ni kosa la jinai Tanzania. Iko kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Si utani wa saiti, wala si bei ya sahihi. Na wewe mwenye kampuni, kitasa cha choo ni shilingi ngapi?

Nilibaki kwenye fani hii kwa sababu ya siku moja hasa, na nitaieleza yote.

Nilikuwa mhitimu mpya, nimepangiwa mradi wa maji ya mserereko katika kijiji cha milimani. Mserereko maana yake hakuna pampu: maji yanatoka kwenye chanzo juu mlimani, yanaingia bombani, yanashuka kwa uzito wake hadi kwenye tenki la kijiji. Kila mita kumi za kushuka zinakupa takriban bari moja ya presha. Ni mfumo mzuri kwa kijiji kisicho na umeme, ila hausamehe makosa.

Maji yalikuwa hayatoshi. Mafundi walikuwa na jibu tayari: chanzo kimepungua, miti imekatwa juu. Kijiji kizima kilikubali, kwa sababu kila mtu anajua miti imekatwa. Nilipanda mpaka chanzoni na ndoo ya lita 20 na simu ya kuhesabu sekunde. Chemchemi ilijaza ndoo kwa sekunde 9. Nikashuka hadi tenkini: ndoo ilijaa kwa sekunde 31. Na kule juu, nilikumbuka, bomba la kumwagia maji ya ziada kwenye kisanduku cha chanzo lilikuwa linamwaga kwa nguvu. Chanzo kilikuwa kinatoa maji. Bomba ndilo lilikuwa linayakataa.

Siku ya pili nilitembea njia yote ya bomba, mchoro mkononi, pamoja na fundi mkuu, mzee ambaye amelaza mabomba tangu kabla sijazaliwa, na kijana wake. Hapakuwa na sehemu yenye unyevu, hapakuwa na uvujaji. Lakini katikati ya njia bomba linapanda mgongo wa kilima kabla ya kushuka tena, na kwenye mchoro, pale kileleni, palikuwa na alama ya valvu ya kutolea hewa. Ardhini hapakuwa na kitu. Majani tu.

"Hapa pana valvu, mzee?"

"Itakuwa imefukiwa, binti."

Tukachimba. Tulikuta tii, kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, na mahali ambapo valvu ilitakiwa kukaa palikuwa na kizibo cha chuma. Aliyejenga aliweka tii ili mchoro utimie, akaziba, akaondoka. Sasa hewa inayosafiri na maji hupanda na kukaa sehemu ya juu ya bomba. Isipopata pa kutokea inajikusanya pale kileleni kama kifundo kooni, na maji yanapita chini yake kwa kujibanabana. Chanzo chako kinaweza kutoa mto, tenkini ukapata mchirizi.

Mzee akachukua spana ya bomba, akamnyooshea kijana wake. Sijui nilipata wapi ulimi. "Naomba niifungue mimi, mzee." Alinitazama kidogo, akanipa.

Nilizungusha robo. Nikasubiri. Robo nyingine. Ikaanza kulia, sauti nyembamba kama ya sufuria inayokaribia kuchemka, halafu ikapanda ikawa mluzi, hewa baridi yenye harufu ya kutu ikanipiga usoni. Kijana aliruka nyuma. Hewa ile ilitoka muda mrefu kiasi kwamba tulikaa chini. Kisha ikaanza kukohoa, ikatema matone, ikatema udongo mwekundu, mara maji yakaruka juu ya vichwa vyetu. Nikakaza. Tuliposhuka tenkini, ndoo ilijaa kwa sekunde 11.

Njiani mzee aliniuliza, "Umejifunza wapi kufungua taratibu vile? Vijana wanafungua kwa pupa, kizibo kinaruka kinampiga mtu."

"Kwa mama yangu, mzee. Kwenye cherehani."

Hakusema kitu. Ila tangu siku ile hakuniita binti tena. Aliniita injinia, na wiki iliyofuata valvu ilipoletwa alinisubiri nifike ndipo ifungwe.

Watu huniuliza wanawake wanaongeza nini kwenye uhandisi. Jibu la wengi ni kwamba wanawake ni waaminifu, hawali pesa, ni waangalifu. Silipendi jibu hili. Wanawake wako wa kila namna, na mara nyingi sifa hiyo ndiyo inayotumika kumpeleka mhandisi msichana kusimamia stoo na stakabadhi huku wenzake wakienda kwenye zege. Ni kalamu ile ile, imebadilishiwa jina.

Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi na nimekiona. Sera yetu ya Maji ya 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka kwake, na kilula kimoja, yaani mahali pa kuchotea maji, kihudumie watu 250. Familia ya watu sita ni lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Mtu aliyewahi kubeba ndoo ya kilo 20 kichwani akiuona mstari wa mita 400 kwenye ramani anauliza swali moja: unapanda au unashuka? Mita 400 za Upareni si mita 400 za Dodoma. Na akiona mchoro wa kilula anauliza ndoo iliyojaa itanyanyuliwaje kutoka sakafuni hadi kichwani na mjamzito aliye peke yake. Kwenye miradi yangu nimekuwa nikidai kijukwaa cha pili, cha usawa wa kifua, mahali pa kutua ndoo kabla ya kujitwisha. Gharama yake ni mifuko michache ya saruji. Mara ya kwanza nilipokidai, kikao kizima kilinyamaza. Hakuna aliyekuwa mbishi, ila hakuna aliyekuwa amewahi kujitwisha.

Na msiniambie hili ni la wenye vipaji vya hesabu tu. Kinyasini, Unguja, kuna chuo cha Barefoot College ambacho tangu 2015 kinafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao mama na bibi, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Kabla ya hapo baadhi ya wanawake wa Tanzania walikwenda kusomea hayo Tilonia, Rajasthan, India. Wengine hawakumaliza shule ya msingi. Wanafundishwa kwa rangi za vifaa, kwa kuona, kwa kushika chuma cha kulehemu na kurudia, kisha wanarudi kijijini na nyumba zinawaka taa. Siku ya kwanza wanapewa kifaa, maelezo yanafuata. Shule zetu nyingi zimegeuza mpangilio huo: maelezo miaka minne, kifaa siku ya mtihani.

Njia za kufika zipo, na nyingi kuliko wazazi wanavyodhani. Sio lazima PCM na kidato cha sita. Binti aliyemaliza kidato cha nne akiwa amefaulu Hisabati, Fizikia na Kemia, hata kwa alama D, kwa kawaida anaweza kuomba stashahada kwenye vyuo vya ufundi: DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Maji Ubungo. Akitoka na stashahada nzuri anaendelea na shahada. Kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA kwa anayetaka kuanza na ufundi wenyewe. Wanaofanya vizuri sana sayansi kidato cha sita wana ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza 2022. Serikali imekuwa ikijenga sekondari za wasichana za sayansi, moja kila mkoa wa Tanzania Bara, shule 26. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni, jambo ambalo lingempa rafiki yangu wa dawati maisha mengine kama lingekuja mapema. Alikuwa ananishinda hesabu.

Shahada ya uhandisi ni miaka minne, kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi inamsajili kama mhandisi mhitimu, na miaka mitatu ya mafunzo kazini chini ya wahandisi wazoefu ndiyo inayomfikisha kwenye usajili wa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo mitatu naiogopea kuliko ile minne. Ndiyo miaka wengi wetu tunapoolewa na kuzaa. Sheria ya ajira inatoa siku 84 za likizo ya uzazi na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini saa mbili hizo unazitumiaje ukiwa saiti kilomita 60 kutoka kwa mtoto? Mimi nilinyonyesha kwenye gari la mradi, na mama yangu alikuja kukaa nami kambini miezi mitano, ameacha cherehani yake. Sio kila msichana ana mama wa kumfuata porini. Waajiri wanaotaka kweli wahandisi wanawake wapange saiti za karibu kwa mwaka ule mmoja. Mwaka mmoja tu, kwa mtu atakayewatumikia thelathini.

Wazazi, ombi langu ni dogo. Feni ikigoma, pasi ikikatika waya, baiskeli ikitoka mnyororo, mwite binti. Sio kushika tochi. Tochi ashike kaka yake. Ataharibu kitu. Pasi mpya itanunuliwa. Na walimu wa fizikia, wa hesabu, wa kompyuta: pangeni meza za maabara upya, na atakayeandika leo kesho ashike waya, bila kujali mwandiko wa mtu.

Narudi kwenye turubai. Mwalimu alipoichukua spana nilimwita kando kwa upole, nikamweleza habari ya ufunguo wa maabara. Alisikiliza, kijana yule, akaona haya kidogo, akarudi akamkabidhi binti spana yake. Akaja kusimama karibu nami, na yeye akaifunga mikono nyuma.

Wakamaliza kukaza. Wakafungulia maji kutoka kwenye pipa. Elbo ikavuja, kama nilivyojua itavuja, tena vibaya, maji yakawalowesha viatu. Wakatutazama. Hatukusema neno. Yule binti aliyekuwa ameachia spana akainama, akaweka kidole chini ya elbo, akafuatisha maji yanakotokea. Wakafunga, wakafungua elbo, wakakuta meno yamepishana, na tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji imejikunja yote upande mmoja.

"Tumeizungusha kinyume," akamwambia mwenzake. "Ona, ukikaza inajifungua. Inatakiwa ifuate njia ya kukazia."

Wakabandua tepu yote. Kengele ya uji ikagonga, wanafunzi wengine wakakimbilia jikoni na vikombe vyao. Wanne wale hawakuinua vichwa. Aliyekuwa anaandika aliweka daftari chini kwenye nyasi, akasogea, akaomba na yeye azungushe tepu.